Namba Tatu za Mke Mwenza

Jumatatu, 3 Machi

Taa ya injini imewaka. Ndogo, ya njano. Nilikuwa natoka kununua mkate. Kabla sijafika kona ya posta gari likaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa, likatoa moshi mweusi, likazima. Likazima mbele kabisa ya karakana ya Fundi Cheche, fundi wa umeme wa magari. Mwanamke wa makamo, maneno machache, njiti ya kiberiti mdomoni saa zote. Akatoka, akautazama moshi, akasema niliingize ndani alipime.

Nikakataa. Nikamwambia najua tatizo lilipo. Sikujua.

Niandike sababu, maana humu hasomi mtu. Gari hili lilikuwa la ofisi. Limenibeba porini miaka kumi na tisa nikipima ardhi, na siku niliyostaafu nikalinunua. Mke wangu analiita mke mwenza. Kila akililalamikia namjibu kwamba hakuna fundi chini ya jua analijua kama mimi. Leo nionekane nimelipeleka kwa fundi, tena barabara kuu, tena saa mbili asubuhi? Uso wangu nitauweka wapi?

Fundi hakubishana. Alinieleza kitu kimoja tu. Magari ya umri huu hayana tundu la kuchomeka mashine za kupimia za siku hizi. Yanasema kwa kukonyeza. Unafungua kijisanduku cheusi kando ya injini, unaunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, akanionyesha yapi, kisha unafungua swichi bila kuwasha injini. Taa itakonyeza. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia kidogo, ikakonyeza tena mara mbili, hiyo ni ishirini na mbili. Kila namba na ugonjwa wake, na magonjwa yote yako kwenye kitabu cha gari.

Nikamwambia hayo nayajua tangu zamani. Akahamisha njiti upande wa pili wa mdomo.

Lilipopoa likakubali kuwaka, nikalifikisha nyumbani, nikakuta simu imepigwa. Binti yetu, kitinda mimba wetu, anaingia wiki ya mwisho. Yeye na mumewe, bwana misitu, wanaishi kituo cha misitu, saa tano kwa barabara ya mawe na mto usio na daraja. Mke wangu amekuwa mkunga miaka thelathini na moja. Hawezi kukaa hapa binti yake akijifungua kule. Ameshaanza kupanga nguo.

Mwaka juzi, mimba ya kwanza ya binti yetu, tulifika tumechelewa siku nzima. Kosa lilikuwa langu. Sitaandika zaidi.

Mke wangu ameuliza kama mke mwenza ni mzima. Nimesema ana afya kuliko sisi wawili.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na mpango. Nitalitengeneza kimyakimya, Jumamosi tunaondoka, hakuna atakayejua.

Waya sikuwa nao. Nikachukua pini ya nywele kutoka meza ya mke wangu. Mafuta yake bado yapo kwenye pini, gari zima likanukia. Nikachomeka, nikakimbilia kitini, nikafungua swichi. Kweli taa inakonyeza. Miaka yote hiyo gari linanikonyeza na mimi sina habari. Mbili, kituo, mbili. Ishirini na mbili. Nikachomoa pini papo hapo kwa furaha.

Kitabu kinasema: sensa ya joto la maji. Yaani injini haijui kama ina baridi au joto, kwa hiyo inakunywa mafuta kama yamekatazwa. Nimeipata sensa kwenye duka la spea kuukuu. Nimeifunga mwenyewe. Nimeungua kidole gumba.

Taa bado inawaka.

Mchana akaja shemeji, mdogo wake mke wangu. Mtaani wanamwita Injinia. Anauza vigae vya sakafu. Amekuja na gari lake jipya, la chini kama sahani, ambalo linaongea. Ukisahau mkanda linakuita. Akazunguka gari langu mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayetazama maiti ya mtu asiyemdai kitu. Akashauri niliuze kwa uzito. Halafu, mbele ya dada yake, akasema Jumamosi yuko huru, atampeleka yeye.

Mke wangu akamshukuru. Akamshukuru vizuri mno. Nikajikausha, nikaenda kumwagilia maua ambayo yalikuwa yamemwagiliwa.

Jumatano, 5 Machi

Pini ya nywele inatafutwa. Nimesaidia kuitafuta.

Nimepima tena alipokwenda kwa jirani. Safari hii nilifungua swichi kwanza, ndipo nikarudi mbele kuchomeka pini, na nilipofika kitini taa ilikuwa imeshaanza. Haidhuru. Nikaacha imalize namba iliyokuwa imeanza, nikahesabu iliyofuata. Mbili, kituo, nne. Ishirini na nne. Ugonjwa mpya! Kitabu: sensa ya joto la hewa. Nimejisikia vizuri kidogo. Maana yake ule wa jana umepona, huu umezuka wenyewe.

Nimeipata hiyo sensa, nimeifunga. Taa bado.

Nimeamua kuiziba. Kwenye boksi la dawa la mke wangu kuna plasta ya kidonda, inalingana na taa kabisa, kama imekatwa kwa kipimo. Nikaibandika. Dashibodi ikatulia. Nikawasha injini, nikalipeleka hadi getini na kulirudisha, nikijivunia ukimya.

Jioni mke wangu aliingia garini kutafuta miwani yake. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alisema tu kwamba plasta huwekwa baada ya kidonda kusafishwa. Kisha akaniomba nimsaidie kukunja mashuka.

Tumekunja mashuka. Hakuongeza neno. Mimi ningependa aongeze.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemtembelea Injinia dukani kwake kumtia hofu. Nimemweleza mawe ya barabara ile ni makubwa kama mbuzi. Akasema gari lake lina kitufe cha kujiinua. Nikamweleza mto. Akasema kuna kamera ya mbele. Nikasema kamera haiogelei. Akanipa soda, akanionyesha vigae vipya vya bafuni. Mtu mwema, ndilo linaloniudhi.

Nimerudi, nimebandua plasta, nimepima mara ya tatu, na safari hii nimechelewa zaidi kufika kitini. Nne, kituo, moja. Arobaini na moja. Sensa inayosoma mkanyago wa mafuta. Nimehangaika hadi saa tisa kuipata. Nimeifunga. Nimeungua kidole gumba cha pili.

Taa bado inawaka. Moshi uleule. Likizubaa kidogo linazima.

Nimekaa chini ya nguzo ya geti, nimeshika tama. Magonjwa matatu kwa siku tatu, na kila nikitibu moja linakuja jingine. Ndani namsikia mke wangu akiongea na binti yetu kwenye simu. Anamuuliza mtoto anacheza? Anacheza mara ngapi kwa saa? Hesabu, mama, usikisie. Sauti yake ya kazini, ile tulivu. Mwaka juzi niliisikia sauti ile ikibadilika, na sijaisahau.

Maji yamenifika shingoni. Nimempigia Fundi Cheche. Nimemwomba aje kesho, lakini avae nguo za kawaida na aseme amekuja kuuliza habari za kupimiwa kiwanja. Akauliza kiwanja kipi. Nikasema chochote. Akasema kusema uongo kwake ni bei nyingine, kisha akacheka, mara ya kwanza kumsikia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechoka lakini lazima niandike yote.

Fundi alikuja saa nne. Amevaa gauni zuri la maua, amejipaka manukato, mkoba mkubwa begani. Njiti tu ndiyo haikubadilika. Hapo ndipo nilipoona kasoro ya mpango wangu. Mwanamke aliyependeza amekuja kunitafuta mimi, kwa habari ya kiwanja asichokuwa nacho, na mkoba wake ukigonga mlango unalia spana.

Mke wangu alimkaribisha, akamtazama, akaniangalia mimi, akaenda kuleta chai. Nikaanza kueleza mipaka ya kiwanja. Nilieleza kwa ufasaha. Fundi akaniitikia kwa kichwa. Mke wangu akarudi na chai, akaweka sinia, akasimama.

"Samahani, dada," akamwambia. "Wewe si ulijifungulia pale hospitali ya zamani? Mapacha? Wa pili alitanguliza miguu?"

Njiti ilianguka kutoka mdomoni mwa fundi. Akasimama, akamshika mke wangu mikono yote miwili.

"Ni wewe, mama? Nimekutafuta miaka kumi na miwili."

Wakakumbatiana. Wakalia kidogo. Mimi nikawa nimeshika kikombe katikati ya kiwanja changu. Mapacha wako darasa la sita, wazima wote. Mke wangu akauliza kama yule wa pili bado ni mbishi. Bado. Ndipo akauliza, kwa upole uleule, amekuja kwa ajili ya lile gari, sivyo?

"Ndiyo, mama," akasema fundi. "Mzee alitaka niseme kiwanja."

Hakuna aliyenitetea.

Tukatoka wote watatu. Jua lilikuwa kali, taa haionekani vizuri, kwa hiyo mimi na mke wangu tukaketi viti vya mbele tukajifunika shuka, moja ya yale mashuka, fundi akabaki kwenye injini. Kabla hatujajifunika aliikuta pini ya nywele niliyoisahau kwenye kijisanduku, akaichomoa, akaitazama, akaichomeka tena. Mke wangu aliona. Alisema, "Kumbe."

Chini ya shuka kulikuwa na joto na harufu ya sabuni. Akakikamata kiwiko changu, akateremsha vidole viwili hadi kwenye mshipa wa mkono.

"Sasa unapima nini?" nikamuuliza.

"Nimezoea kuhesabu hivi. Nyamaza."

Taa ikaanza kukonyeza. Mimi nilipoona ishirini na mbili nikataka kumwita fundi. Akanibana mkono. Ikaja ishirini na nne. Ikaja arobaini na moja. Kisha kituo kirefu, kisha ishirini na mbili tena. Akaiacha izunguke mara tatu nzima, midomo ikimchezacheza, kama nilivyokuwa nikimwona wodini zamani nikienda kumchukua kazini.

"Ni namba tatu," akasema. "Zilezile, zinarudi. Wewe ulizipata ngapi?"

"Moja moja."

"Kwa sababu ulikuwa unaondoka kabla hajamaliza kusema."

Taa ikaendelea kukonyeza, hakuna aliyekuwa akiihesabu.

"Ungeniambia tangu Jumatatu," akasema.

"Ungekwenda na mdogo wako."

"Kwani sasa Jumamosi siendi naye?"

Hapo nikamwambia. Nilimwambia kwamba mwaka juzi mimi ndiye niliyesema najua njia ya mkato. Kwamba tulilala njiani kwa ajili yangu, na tulipofika kila kitu kilikuwa kimekwisha, na binti yetu alikuwa ameugeuzia ukuta uso. Nilitaka safari hii nimfikishe mimi, kwa gari hili, mapema. Nilisema haya nikiiangalia taa, maana yeye nisingeweza kumwangalia.

Vidole vyake havikuondoka kwenye mkono wangu.

"Mume wangu," akasema. "Mimba ile isingekaa. Hata ningekuwa nimeketi kando ya kitanda tangu wiki iliyotangulia. Ulidhani naficha lawama miaka miwili?"

"Nilidhani hivyo."

"Mshipa wako unakimbia. Tulia kwanza."

Tukatulia. Nje fundi akakohoa, akauliza kama tuko salama humo.

Mke wangu akatoa kichwa kwenye shuka, nywele zimetimka, akamtajia namba zote tatu kwa mpangilio. Halafu akasema jambo ambalo sitalisahau. Wagonjwa watatu wa nyumba moja wakija wanatapika siku moja, huwezi kuwatibu mmoja mmoja. Unauliza wamekunywa maji ya kisima gani.

Fundi akamtazama kwa heshima kubwa. Akasema ndivyo hasa. Sensa zote tatu zinarudishia umeme wake kwenye waya mmoja, nao umefungwa kwa nati kwenye bodi ya injini. Akaipapasa, akaipata, akaifungua. Kilichotokea hapo nitakiandika haraka. Chini ya waya, mahali panapotakiwa chuma kitupu, kulikuwa na rangi ya fedha. Nzuri, ya kung'aa, tabaka mbili. Umeme hauwezi kupita kwenye rangi. Fundi akauliza ni nani aliyepaka injini rangi.

Nikasema mafundi wa siku hizi hawana umakini.

Mke wangu akatazama makubazi yangu. Yana matone ya rangi ya fedha tangu sikukuu ya mwaka jana, siku niliyofungua nyaya nikitaka gari lipendeze.

Fundi akakwangua kwa kisu, akapiga msasa, akafunga. Dakika kumi. Akakataa malipo yoyote kutoka kwa mkunga wake. Tukafuta namba kwa kuchomoa fyuzi, tukawasha. Taa ikawaka, ikafikiri, ikazima. Injini ikanguruma taratibu, haina moshi. Mke wangu akaligonga boneti mara mbili kwa kiganja, kama anavyomgonga mgongo mtoto mchanga.

Jumamosi, 8 Machi

Injinia alifika saa kumi na mbili asubuhi, gari limeoshwa. Dada yake akamwambia tunakwenda wote na mke mwenza, yeye alale kiti cha nyuma kama anapenda. Alibisha kidogo. Akaliaga gari lake, nalo likamjibu.

Barabara ni mbaya kuliko nilivyomtisha. Tulipoingia mtoni maji yalipanda hadi kwenye vyuma vya kukanyagia, Injinia akaomba dua kwa sauti, na mke wangu akaiangalia taa muda wote bila kupepesa. Haikuwaka. Upande wa pili nilisimamisha gari ili nifute miwani. Yalikuwa maji ya mto.

Njia ya mkato tuliipita bila kuiingia. Mkono wangu haukuelekea huko.

Tumefika saa sita. Binti yetu alikuwa barazani, tumbo mbele, akatuona akaanza kushuka ngazi huku mama yake akimpigia kelele akae palepale. Mama yake alimkumbatia kwanza, mimi nikakumbatia sehemu iliyobaki. Akaninong'oneza kwamba ameshukuru tumewahi. Nikamwambia gari halijawahi kusumbua.

Jumatatu, 10 Machi

Hakuna. Tunasubiri. Injinia amepima sakafu ya bwana misitu na kumwahidi vigae. Mke wangu analala kitanda kimoja na binti yake. Mimi nalala kwenye kochi, na sikumbuki mara ya mwisho kulala vizuri hivi.

Jumatano, 12 Machi

Msichana. Asubuhi, jua limeshachomoza. Kilo tatu na robo. Nilikuwa nje nikakisikia kilio cha kwanza, kikatulia, kikaja tena kwa nguvu. Injinia alilia kuliko mtoto, nikampa leso yangu. Mke wangu akatoka mikono imelowa, amechoka, akaketi kando yangu kwenye benchi akaegemeza kichwa begani. Akasema mama mzima, mtoto mzima. Tukakaa hivyo muda mrefu, hakuna aliyehesabu kitu.

Kisha akanifanya niahidi. Kuanzia leo, chochote kikiharibika mikononi mwangu, namwambia siku hiyohiyo. Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wote, na machozi yalinilengalenga.

Baada ya chakula mkwe akanieleza kwamba taa za kituo zinafifia, zile za nguvu ya jua, na fundi atafika Ijumaa. Akauliza kama mimi naelewa mambo hayo. Nikamwambia hakuna anayeyaelewa kama mimi, fundi amwambie asisumbuke. Amekwenda doria.

Nimefungua kisanduku nyuma ya nyumba. Nimetoa nati nne na waya sita. Tano nimezirudisha. Ya sita sikumbuki ilitoka wapi, na ina urefu wa kufika kila mahali. Taa sasa hazififii, maana haziwaki kabisa.

Mke wangu amepita na beseni la nguo za mtoto, akauliza nafanya nini huku nyuma peke yangu. Nimemwambia nimekuja kupumzika kivulini.

Kivuli kilikuwa upande wa pili.